Barabara ya Magunia
Maneno yaliyosomwa na watu wa genge la njia mbele ya mkutano wa tawi



Kamati imetuomba sisi wa genge la njia tuseme juu ya ile barabara ya malori ya kuingia uwanja wa mizigo, ambayo ilizama wakati wa masika. Wengi wenu mmesikia kwamba ilizama kwa sababu watu wa genge ni wavivu. Barua tuliyoletewa ilisema hivyo, ingawa kwa maneno ya adabu zaidi. Nanyi mnajua kwamba wenzetu wawili wamesimamishwa kazi siku 14 bila mshahara kwa ajili ya jambo hilo. Basi yatupasa kujibu. Lakini hatutaki kujibu kwa hasira tu, maana hasira haizibi shimo. Tutawaeleza kwanza habari ya barabara nyingine, iliyojengwa mbali sana na hapa, kwa haraka kuliko yetu, juu ya udongo mbaya kama wetu au kuupita, nayo ilipitisha malori mvua nzima. Babu wa baadhi yetu walipita mahali pale kwa miguu yao wenyewe, kwa hiyo si habari ya wageni.

Habari yenyewe ni ya Burma, nchi ambayo siku hizi huitwa Myanmar. Mwaka 1942 Wajapani waliwafukuza Waingereza kutoka huko. Waingereza wakakimbilia India, wakayaacha magari yao mengi ukingoni mwa mto Chindwin, kisha wakapita kwa shida katika bonde moja linaloitwa Kabaw. Bonde hilo lina msitu, homa ya malaria, na udongo ambao ukinyeshewa huwa kama uji. Mvua ya huko huanza Mei, nayo haikatiki sawasawa mpaka Oktoba. Askari waliliita Bonde la Mauti.

Mwaka 1944 Wajapani walishindwa Imphal na Kohima, ndipo amri ikatoka kwamba jeshi lirudi Burma kwa njia ile ile. Waliotumwa kushuka bondeni kutoka mji wa Tamu, mwezi wa Agosti, mvua ikiwa katikati, walikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Humo walikuwamo watu wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na wengine wa Rhodesia ya Kaskazini. Wazee waliorudi walikuwa hawapendi sana kusimulia vita, lakini matope waliyasimulia. Gari likizama lilizama mpaka kwenye ekseli, na la pili likija kulivuta nalo likazama kando yake. Chakula na risasi vikawa vinatupwa kwa miavuli kutoka angani, maana njia ya chini haikupitika.

Walifanya nini? Walikata miti, wakailaza kukingama njia, gogo kwa gogo. Sisi wa reli tunaifahamu barabara ya namna hiyo mara moja: ni mataruma bila reli. Ni kazi ya shoka na bega, nayo ni ya haraka, na kwa siku chache hufaa sana. Lakini magogo hayakai. Gurudumu likilikanyaga gogo upande mmoja, upande wa pili unainuka, na maji ya chini yanapanda kupitia katikati. Baada ya muda gogo linaoza, au linakwenda na maji, au linavunja springi za lori. Hapo inabidi ukate mengine, na msitu wa karibu umekwisha. Tembo nao walitumiwa katika vita ile kuvuta magogo ya madaraja, wala hakuna barua iliyowaita wavivu.

Hivyo ndivyo walivyoshuka. Mnamo Novemba 1944 walifika Kalemyo, na tarehe 2 Disemba wakaingia Kalewa, ukingoni mwa Chindwin. Siku chache baadaye mainjinia wa jeshi walitandaza daraja la vyuma juu ya mto ule, daraja linaloelea, urefu wake futi 1,154. Kwa wakati ule hapakuwa na daraja la namna hiyo refu kuliko lile duniani. Lakini daraja halikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa barabara ya kulifikia.

Sikilizeni hesabu yake, maana ni hesabu tunayoijua. Kituo cha reli cha kushushia mzigo kilikuwa Dimapur, katika Assam, na reli yenyewe wakati ule ilikuwa ya upana wa mita moja, sawa na reli yetu ya zamani iliyotoka Mombasa. Mzigo ukishushwa Dimapur hupandishwa malori, hupita milima ya Kohima mpaka Imphal, maili zaidi ya 130, kisha huteremka Tamu, kisha ndipo huingia bonde la Kabaw. Jeshi zima lililokwenda Mandalay lilitaka petroli, mchele, risasi na dawa, na viwanja vya ndege vilitaka vitu vyao. Ndege zilibeba sehemu kubwa, lakini ndege hazitoshi kwa kila kitu. Na mvua nyingine ilikuwa inakuja Mei 1945. Kwa hiyo walikuwa na miezi ya kiangazi tu, kama mitano, ya kutengeneza barabara itakayostahimili mvua katika bonde ambalo mwaka uliotangulia lilimeza magari.

Mtu angesema: leteni mawe. Lakini kuvunja mawe ya barabara ya maili mia, kuyabeba, kuyapanga na kuyashindilia, ni kazi ya miaka. Upande mwingine wa vita ile, katika Arakan karibu na bahari, hapakuwa na mawe kabisa. Huko walifyatua matofali kwa udongo uleule uliokuwa ukiwasumbua, wakajenga matanuru kando ya njia, makaa ya mawe yakaletwa kutoka mbali, nao wakapanga matofali barabarani kwa mamilioni. Sisi tuliosoma shule za misheni tunakumbuka habari za Farao na matofali yake, na tulipozisikia hizi tulicheka kidogo. Lakini ilifaa. Tofali lililochomwa halirudi kuwa matope.

Katika Kabaw walitumia kitu kingine, nacho ndicho kilichotufanya tuwaletee habari hii leo. Mkuu wa mainjinia wa Jeshi la 14, Jenerali Hasted, alitumia magunia.

Ndiyo, magunia. Nguo ile ile ya juti ya Bengal ambayo tumebeba ndani yake kahawa na mahindi miaka mingi migongoni mwetu. Waliichukua ikiwa vitambaa virefu, wakaichovya katika lami, wakaitandaza juu ya barabara ya udongo mtupu, ukingo wa kipande kimoja ukilalia kingine kama mabati ya paa. Hapakuwa na jiwe chini yake. Kulikuwa na udongo uliosawazishwa na kushindiliwa, na juu yake gunia lenye lami. Basi. Kwa karibu maili 100 za bonde lile, barabara hiyo ilipitisha magari kama 1,000 kwa siku, na mvua ilipokuja yakaendelea kupita.

Tulipoyasikia haya mara ya kwanza hatukuyaamini. Gunia litabebaje lori? Tulibishana juu yake siku mbili wakati wa chakula, mpaka mzee mmoja wa genge akatuuliza swali. Alisema: ule udongo mweusi wa Athi, mwezi wa Februari, mnaupiga sururu unafanya nini? Tukajibu, sururu inaruka. Akauliza tena: na mwezi wa Aprili? Tukajibu, hata mbuzi anazama. Akasema: je, udongo umebadilishwa? Umeletwa mwingine usiku?

Ndipo tukaelewa. Udongo ni uleule. Kilichoongezeka ni maji. Gunia halikubeba lori hata siku moja. Aliyebeba lori ni udongo mkavu, na kazi ya gunia ilikuwa moja tu, kuuzuia usinywe maji. Mwavuli haumbebi mtu, lakini mwenye mwavuli hufika nyumbani akiwa mkavu.

Ukisha kuelewa hilo, utaona kwa nini kila kitu kingine kilikuwa lazima. Kwanza udongo ushindiliwe ukiwa katika unyevu wa kadiri, si vumbi wala tope, maana ukiufunika ukiwa umelowa umeyafungia maji ndani kama uji katika chupa. Kisha mgongo wa barabara uinuliwe katikati, ili mvua ikianguka juu ya lami iteremke kando isituame. Na ikiteremka kando iende wapi? Iende katika mfereji, na mfereji uwe na mahali pa kumwaga, tena chini kuliko barabara. Bila mfereji maji hukaa ubavuni, hupenya chini ya ukingo wa gunia, hurudi kuingia kwa mlango wa nyuma. Hapo umetumia lami ya bure. Nasi tunalijua hilo katika reli: kokoto hatuziweki chini ya mataruma kwa urembo, tunaziweka pia ili maji yashuke, na genge likiacha matope yazibe kokoto, reli huanza kucheza.

Na tena kuna jambo ambalo wakubwa hupenda kulisahau. Nguo hutoboka. Lori lenye jiwe katika tairi, mnyororo uliokokotwa, kipande cha chuma kilichoanguka, kimojawapo kinatosha. Tundu la kidole likiachwa, maji huingia pale, udongo wa chini hulainika, gurudumu linalofuata hulibonyeza tundu kuwa bakuli, la kumi hulifanya shimo. Kwa hiyo barabara ya namna ile haiishi bila watu wa kuitembelea kila siku wakiwa na lami, vipande vya nguo na beleshi. Barabara ya haraka ndiyo inayotaka watunzaji wengi. Anayesema, tumejenga kwa haraka na kwa bei ndogo, sasa tupunguze watu, huyo hakuijenga barabara. Amekopa barabara, na deni litalipwa mvua ikinyesha.

Nani waliofanya kazi ile? Majina ya majenerali yamo vitabuni. Lakini barabara za upande ule wa Assam na Manipur zilitengenezwa pia kwa mikono ya maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya chai, waliotolewa mashambani na chama cha wenye mashamba na kupelekwa kuchimba na kubeba, pamoja na makampuni ya mainjinia wa jeshi la India. Watu wetu wa Keya walipita mbele yao wakiweka magogo. Na baada ya vita kila askari wa Afrika Mashariki alipewa bahashishi ya kuagwa, na bahashishi hiyo ilihesabiwa kwa rangi. Hati zilizotokea hadharani mwaka 2019 zinaonyesha kwamba askari mweupe wa cheo cha chini katika makoloni alipewa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi wake, na Mwafrika wa cheo kile kile shilingi tatu na nusu. Matope hayakuwa na rangi, lakini malipo yalikuwa nayo. Hatulisemi hili kuchokoza vita vya zamani. Tunalisema kwa sababu baadhi ya wazee waliolipwa hivyo walirudi wakashika sururu katika reli hii, na wengine wetu ni wajukuu wao.

Sasa turudi nyumbani.

Barabara ya uwanja wa mizigo ina urefu wa hatua kama 220. Amri ilitolewa katikati ya Februari, kazi ikaanza wiki ya pili ya Machi, na tuliambiwa iwe tayari kwa wiki tatu. Hapa tuseme wazi kwamba wiki tatu zilitosha, wala hatukulalamika juu ya haraka. Tulilalamikia mambo mengine. Katika karatasi ya kazi kulikuwa na mifereji pande zote mbili na bomba kubwa la kuvusha maji kwenye kona ya ghala. Mifereji ikafutwa kwa kalamu nyekundu, ikaandikwa “baadaye”. Bomba likaletwa, lakini dogo, la kipenyo ambacho mtoto hawezi kupitisha mpira wake. Udongo wa pale, mnajua, ni mweusi wa pamba. Huvimba ukilowa, hunywea ukikauka, na katika kiangazi nyufa zake mtu aweza kutia mkono mpaka kwenye kiwiko. Udongo wa namna hiyo huondolewa ukajazwa mawe, au huchanganywa na chokaa ili uache kuvimba, au, kwa uchache, hufunikwa na kuzuiliwa maji kama walivyofanya Kabaw. Sisi tuliambiwa tumwage maramu juu yake, inchi sita, na siku iliyofuata malori yakaachiliwa. Kabla ya hapo mvua mbili zilikuwa zimekwisha kunyesha, kwa hiyo tuliyafungia maji ndani, kama tulivyosema habari ya uji.

Nyapara wetu alimwambia mkubwa wa kazi habari ya mifereji. Alimwambia mara mbili, na mara ya pili watu wanne walikuwapo. Akajibiwa kwamba malori hayangoji mifereji. Hayo yalikuwa kweli mpaka Aprili 20, ambapo malori matatu yalingoja siku mbili yakiwa yamezama, na mzigo wa unga ukalowa.

Katika muda huo huo genge letu la watu 12 lilipunguzwa likawa watu saba. Hao saba wana maili zao za reli za kutunza, na wakaongezewa barabara hiyo. Wenzetu wawili waliosimamishwa ndio waliokuwa zamu ya kona ya ghala. Walikuwa na beleshi moja. Tuseme kwamba wangekuwa na beleshi kumi: wangeyatupa maji wapi, na mfereji haupo?

Kosa letu tunalikubali, nalo ni hili: hatukuandika. Nyapara alisema kwa mdomo, akajibiwa kwa mdomo, na maneno ya mdomo yamekwenda na upepo. Barua ya kutulaumu, hiyo imeandikwa, ina tarehe na muhuri. Kule Kabaw ile nguo ya lami isingaliwekwa kama mkuu wa mainjinia asingalikuwa na sauti mbele ya jenerali, akaweza kusema udongo huu unataka hivi, akasikilizwa, akapewa magunia. Fundi asiyesikilizwa ni kama karai lisilo na mkono. Sisi si majenerali, hatutasikilizwa mtu mmoja mmoja. Ndiyo sababu tuna chama.

Kwa hiyo tunaiomba Kamati ipeleke mambo haya. Wenzetu wawili warudishwe kazini na walipwe siku zao 14, maana hawakufuta mifereji. Mifereji ya pande zote mbili ichimbwe kabla ya mvua za vuli, yaani Septemba isipite, na bomba la kona libadilishwe. Genge lirudishwe kuwa watu 12, ama barabara ile iondolewe katika kazi zetu ipewe watu wake. Juu ya inchi za maramu na habari ya chokaa tuko tayari kukaa na mkubwa yeyote na kuzungumza kwa heshima, hata kama itachukua siku nzima. Wapo kati yao wanaoujua udongo vizuri sana, nasi tumejifunza kwao.

Ndugu mmoja alituuliza kabla ya mkutano ikiwa ile barabara ya magunia ipo bado. Haipo. Mandalay ilichukuliwa Machi 1945 na Rangoon Mei 3, mizigo ikaanza kuingia kwa meli, na bonde likaachwa. Magunia hayakuwekwa kwa miaka hamsini, yaliwekwa kwa mvua moja, na mvua hiyo yaliimaliza. Baadaye sana Serikali ya India ilijenga upya njia ya kutoka Tamu mpaka Kalewa, ikafunguliwa mwaka 2001, ya lami yenyewe.

Jambo la mwisho ni la daftari. Tumekubaliana kwamba kila genge la tawi hili litakuwa na daftari moja la kuandika kila tulichoomba, siku tuliyoomba, tuliyemwomba, na jibu lake, na watu wawili watie sahihi. Asiyejua kuandika atamwambia anayejua. Madaftari yatanunuliwa kwa fedha za tawi, na Katibu ndiye atakayeyatunza. La genge letu limekwisha kuanzwa. Ukurasa wa kwanza uliandikwa jana asubuhi: mfereji wa zamani upande wa kaskazini wa ghala umeziba hatua 40, tumeomba beleshi nne na karai sita, jibu bado.